Panga za Kihabeshi na Mipini Yake: Majibu kwa Wasomaji

Shoteli na gurade, panga mbili za Ethiopia, zina tofauti gani?

Shoteli imepinda sana mfano wa mundu, nayo ina makali pande zote mbili. Kupinda huko kulimwezesha mpiganaji kuipitisha ncha kando ya ngao ya adui na kumchoma nyuma ya ngao hiyo. Gurade ni kitara kilichopinda kwa kiasi, ingawa katika Kiamhara jina hilo hutumika pia kwa upanga wowote.

Muuzaji adai mpini wa gurade yake ni wa kipusa, yaani pembe ya faru. Nitajuaje?

Inawezekana, kwani kipusa kilipendwa na wakubwa, japokuwa mipini ya pembe ya nyati na ya mti ilikuwepo pia. Utazame kwa lenzi penye mwanga mkali. Pembe ya faru haina kiini cha mfupa. Ni nyuzi zilizogandamana, ambazo ubavuni mwa mpini huonekana kama mistari sambamba, na mahali palipokatwa kwa upana huonekana kama vitone vilivyosongamana, huku kingo nyembamba zikipitisha mwanga wenye rangi ya asali. Pembe ya nyati haina vitone hivyo.

Tazama pia kichwa cha mpini, ambapo msuka wa upanga, ule mkia wa bapa upitao ndani ya mpini, hutokeza na kupondwa kwa nyundo juu ya kisahani cha madini, pengine sarafu ya fedha. Nakusihi usiufungue, wala usiupige msasa au vanishi mpini wenyewe, kwa maana alama za mchongaji zikifutika hazirudi. Ujue vilevile kwamba tangu 1977 mkataba wa CITES, ule wa kimataifa kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, umewaweka faru wote chini ya ulinzi, hivyo kuvusha mpini wa kipusa mpakani bila hati ni kosa, hata ukiwa wa kale.

Bapa la upanga wangu lina chapa ya Solingen. Je, ni bandia?

Hapana. Tangu karne ya 19 mabapa mengi yaliagizwa kutoka Ulaya, hasa Solingen nchini Ujerumani, na baadhi yakachorwa Simba wa Yuda, nembo ya wafalme wa Ethiopia, pamoja na maandishi ya Kiamhara kwa ajili ya wanunuzi wa Ethiopia. Mafundi wa Ethiopia waliyatia mipini na ala za ngozi, na kuuita upanga kama huo bandia ni kuwadhulumu.

Mbona picha za kale zinaonyesha upanga ubavu wa kulia?

Picha hazikugeuzwa. Wahabeshi waliuvaa kulia, na mkono wa kushoto ulishika ngao ya ngozi ya kiboko au nyati.