Kitabu cha kiboko darasani: kwa walimu wa mazoezi mnaokuja darasa la awali

Kila msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wa ualimu, unapofika napokea walimu wa mazoezi, na kila msimu nakaa nyuma ya darasa nikijizuia kuingilia. Wadogo zangu, mnakuja na andalio la somo safi na zana mlizokesha mkizichora, halafu mnachukua kitabu cha picha cha kiboko mnakisoma kama taarifa ya habari! Nawapenda, ndiyo maana nasema.

1. Shikeni kitabu kando ya bega, picha ziwaelekee watoto. Msikae mkielekea dirisha, kurasa zinang'aa na nusu ya mkeka haioni kitu.

2. Msikimbilie maandishi. Hapa ndipo mnaponiumiza. Ukurasa una sentensi moja, basi kitabu kizima kinaisha kabla watoto hawajatulia, mnafunga na kuuliza, "Hadithi inatufundisha nini?" Kwenye darasa moja upande wa Kayenze, kando ya Ziwa Victoria, mwalimu wa mazoezi alifungua ukurasa wenye kiboko anayetabasamu majini. Hajasoma hata neno, mtoto mmoja asiyeongea kabisa darasani akasimama: "Madam, huyu anakula mpunga wetu usiku!" Akajibiwa, "Kaa chini, bado hatujafika huko." Akakaa. Somo likaendelea, watoto wakaitikia "kibokooo" kwa pamoja, tathmini ikajazwa kwamba umahiri umefikiwa. Yule mtoto hakunyoosha mkono tena wiki ile.

Jamani, sentensi yake ilikuwa somo zima! Ina mnyama, chakula chake, muda anaokula, na hasara ya mwenye shamba. Tena ni kweli: kiboko hushinda majini, usiku hutoka kwenda malishoni. Chakula chake ni nyasi, na akikuta mpunga njiani haupiti hivihivi. Kilichotakiwa ni swali moja tu: "Mlijuaje kuwa ni yeye?" Hapo angetusimulia nyayo kwenye tope, baba aliyelala shambani na debe la kugonga, na wenzake wangeongeza ya kwao. Kitabu kingengoja. Hakina haraka.

3. Ukifungua ukurasa, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi hata kama mkaguzi amekaa pale. Siku moja kimya hicho kilimpa binti mmoja nafasi ya kusogea na kupitisha kidole kwenye picha: pua, macho, masikio. "Madam, mbona vyote viko juu?" Sikumjibu. Nilimwambia alale kifudifudi, ainue kichwa kidogo, kisha tukamfunika kanga mpaka chini ya pua, kanga ndiyo maji. Akapiga kelele, "Naona! Nasikia! Napumua!" Darasa zima likataka kufunikwa kanga, na kipindi cha kuhesabu kikaliwa chote. Sijutii.

4. Msimfanye kiboko awe mpole kuliko alivyo. Watoto wa wavuvi wanajua anaweza kupindua mtumbwi. Mtoto akisema anaogopa, mwambieni ana haki ya kuogopa, ongeeni kwa nini hawaendi majini peke yao jioni, kisha rudini kwenye picha. Ukimwambia "huyu ni rafiki yetu", ataona kitabu kinadanganya, na wewe pia.

5. Akisema kwa Kisukuma au Kikerewe, pokeeni, mrudishieni kwa Kiswahili, twende.

6. Watoto wa katikati ya jiji wengi hawajamwona kiboko. Anzeni na mjusi, mawe ya Mwanza yamemjaa. Mkipata kitabu chenye pimbi na shule ikaweza kuwavusha hadi Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, pimbi wa kwenye miamba ya kisiwani watawamalizia somo.

7. Kitabu kikae kona ya kusoma, chini, mtoto akifikie. Kisifungiwe kabatini ofisini. Kitachanika, ndiyo, na gundi ipo. Kesho yake someni kilekile tena, na keshokutwa. Msiogope kuwachosha: mnaochoka ni ninyi. Siku ya tatu mwacheni mtoto mmoja ashike kitabu awasomee wenzake kwa picha, na akiruka ukurasa msimkatize, wenzake watamrudisha wenyewe.