Mawe ya nyongo: je, mama ajaribu mafuta na ndimu kabla ya upasuaji?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, tunaishi Mpwapwa. Kipimo cha ultrasaundi kimeonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kila akila vyakula vya mafuta anapata maumivu makali. Ameambiwa atafanyiwa upasuaji wa matundu madogo na kutolewa mfuko wote. Kwa nini yasitolewe mawe peke yake? Jirani anasema mafuta ya zeituni na maji ya ndimu huyatoa yote kwa usiku mmoja. Tujaribu hayo kwanza?

JIBU: Marahaba. Mawe hayatolewi peke yake kwa sababu hujitengeneza ndani ya mfuko huo, na ukiachwa yatarudi. Nyongo yenyewe hutengenezwa na ini, kwa hiyo mfuko ukiondolewa itateremka moja kwa moja hadi kwenye utumbo, na mama ataendelea kula na kumeng'enya chakula.

La jirani ndilo linaloniumiza, kwani hapa Dodoma wagonjwa huniletea makopo yenye vitonge vya kijani walivyovipata chooni baada ya kunywa mchanganyiko huo, wakiamini kwamba wamepona. Vile si mawe. Aliyewahi kupika sabuni kwa mafuta na magadi ataelewa upesi: mafuta mengi yakimeng'enywa tumboni, asidi zake hukutana na potasi ya kwenye ndimu na kuganda kuwa sabuni, ambayo nyongo huipa rangi ya kijani. Vitonge hivyo vikipata joto kidogo tu huyeyuka, jambo ambalo mawe ya nyongo hayafanyi. Rudieni ultrasaundi, mtayakuta mawe palepale. Ubaya zaidi ni kwamba mafuta mengi huufanya mfuko ujikamue kwa nguvu, na jiwe dogo likisukumwa likakwama kwenye mrija wa nyongo, mgonjwa anaweza kupata manjano au kuvimba kongosho, ugonjwa unaoweza kuua.

Wanaouza dawa hizi hawawaambii watu kwamba kuchelewa kunaweza kuwanyima hayo matundu madogo. Tangu daktari wa upasuaji Erich Mühe alipoutoa mfuko wa nyongo kwa njia hii nchini Ujerumani mwaka 1985, usalama wake umetegemea jambo moja, nalo ni daktari kuona vizuri kwa kamera. Kwa kawaida tunatoboa matundu manne, tunajaza tumbo gesi ya kaboni dioksidi ili tupate nafasi, kisha tunatafuta mrija wa mfuko na mshipa wake wa damu na kuvibana kwa klipu kabla ya kukata. Mfuko uliovimba mara kwa mara hugandamana na ini na utumbo, njia zake zikawa hazitambulikani, na hapo daktari makini huacha kamera na kupasua tumbo, kwa sababu kuukata mrija mkuu wa nyongo kimakosa ni janga la maisha. Matundu ni madogo, lakini kazi ya ndani ni ileile, tena hufanywa chini ya nusu kaputi.

Kwa hiyo msiahirishe tarehe aliyopangiwa mama. Kwa sasa apunguze vyakula vya mafuta, na akipata homa yenye kutetemeka, macho yakawa ya manjano, au maumivu yakadumu kwa saa kadhaa bila kutulia, mfikisheni hospitali siku hiyohiyo.