Entebbe hadi Dubai ni saa ngapi angani

Umesema tiketi inaonyesha saa sita, lakini angani siyo saa sita boss, ni kama tano na kitu kidogo. Umbali wa moja kwa moja Entebbe hadi Dubai ni kama kilomita 3,700, ndege kubwa inakata mia nane na zaidi kwa saa, halafu ongeza ile ya kupaa na kushuka na njia haijanyooka kama rula. Hiyo sita unayoiona kwenye tiketi ni mambo ya saa za nchi, Dubai wako mbele yetu saa moja, so ukitoka Entebbe saa nane mchana unafika kwao saa mbili na kitu usiku lakini huku Kampala bado ni saa moja na kitu. Kurudi ndo utacheka, tiketi itaonyesha kama saa nne na kitu tu na ndege ni ileile.

Hiyo ni direct lakini. Ukipitia Addis au Nairobi sahau hesabu yote, kungoja tu connection kunaweza kukumalizia nusu siku, na jam ya kutoka Kampala hadi Entebbe sijaiweka.