Msianze na Stalin: kwa wanaoanza kusoma istiara za siasa

Insha yangu ya kwanza kuhusu Shamba la Wanyama, hadithi ya wanyama wanaomfukuza bwana wao na kujitawala, ilikuwa orodha tu. Nguruwe Napoleon ni Stalin, nguruwe Snowball ni Trotsky, wale viongozi wa Urusi ya kikomunisti walioshindania madaraka, kurasa tatu nzima. Mwalimu aliandika pembeni neno moja: "Halafu?" Niliudhika, maana nilidhani nimelifumbua fumbo lote.

Orodha hiyo itengenezeni kwa dakika kumi, muiweke kando. Utamu umo katika vijambo visivyo na jina la mtu. Katika kitabu hicho cha George Orwell cha 1945, siku ileile Amri Saba, sheria mpya za wanyama, zinapoandikwa ukutani, ng'ombe wanakamuliwa na kutoa ndoo tano za maziwa. Napoleon anasimama mbele ya ndoo, anawaambia wenzake waende kuvuna, maziwa yatashughulikiwa. Jioni wanarudi, maziwa hayapo. Hakuna damu wala meno ya mbwa. Mimi husema dola mpya imezaliwa hapo. Mbwa wa Napoleon watakuja baadaye kuilinda tu.

Na msiwe wepesi kumcheka Mollie, yule farasi anayeuliza kama baada ya mapinduzi ataruhusiwa kuvaa utepe. Anajibiwa kwamba utepe ni alama ya utumwa. Mvivu ni mvivu, sikatai. Ila ndiye pekee anayeuliza uhuru huo utamfikia vipi yeye mwenyewe, na anajibiwa kwa kaulimbiu.

Kisha kisomeni sambamba na Kusadikika cha Shaaban Robert (1951). Humo, katika nchi ya kubuni ya Kusadikika, raia aitwaye Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, basi. Hampindui mtu. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita, hadi mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa na kuishia gerezani. Kesi inapokwisha, Karama yuko huru na mfalme bado yuko kitini. Kule shambani bwana amefukuzwa, utumwa umebaki. Kwangu Shaaban anamwamini mno mtawala msikivu, ingawa kila nikirudia hotuba za Karama msimamo wangu hulegea.

Vitabu hivi vinakutana kwenye swali la nani anaijua sheria. Kule shambani, nguruwe wanapoanza kulala vitandani, farasi Clover anahisi kuna amri inayokataza, lakini kusoma hawezi sawasawa. Anamwita mbuzi Muriel amsomee, na ukutani tayari kumeongezwa neno "mashuka". Anaamini ni yeye aliyesahau. Someni ukurasa huo polepole, mara mbili.

Halafu mtafuteni punda Benjamin. Anasoma vizuri kama nguruwe yeyote, ila husema hakuna cha maana cha kusoma. Siku gari linapomchukua Boxer, yule farasi mchapakazi, ndiye anayewasomea wenzake maandishi ya ubavuni: ni gari la mchinja farasi. Papo hapo farasi wanaanza kulivuta.