Maswali ya wasomaji: Mombasa yapanda magorofa, mbona haipendezi?

SWALI: Assalam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Tudor na hii miaka ya karibuni kila nikipita naona nyumba ya zamani imevunjwa gorofa lapanda, baraza hakuna tena, ni geti la chuma na ukuta tu. Nikimwambia mume wangu mtaa umeharibika ananiambia hizo ni anasa, watu wanatafuta pa kulala wewe waleta habari za kupendeza. Je ni kweli mji ukikua haraka lazima uwe mbaya? Na ile rangi nyeupe na buluu kaunti iliyoagiza 2018 nyumba za mjini kati na Mji wa Kale zipakwe, inasaidia kitu? – Mama Wawili, Tudor

JIBU: Waaleikum salaam mama. Mumeo ana hoja na tusiipuuze. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 939,370 Mombasa, ya 2019 ikapata 1,208,333, yaani zaidi ya laki 2 na nusu wameongezeka kwa miaka 10 na ardhi ni ileile, kaunti nzima ni kama kilomita 220 za mraba. Watu hao lazima walale mahali kwa hivyo mimi simlaumu mwenye ploti akipandisha gorofa.

Lakini aliposema kupendeza ni anasa hapo sikubaliani naye hata kidogo, manake yale yanayoifanya mitaa yetu ya zamani ipendeze hayakuwekwa kama mapambo. Pita Ndia Kuu ama Kibokoni, kule Mji wa Kale, saa saba mchana jua likiwa kali. Vichochoro ni vyembamba ndio ukuta wa huyu umpe kivuli anayepita mbele ya mwenzake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, joto linachelewa kuingia. Vyumba ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake hauzidi sana mita 3, kipimo kikawa ni hicho kwa tajiri na kwa maskini, ndio unaona nyumba kubwa na ndogo zimepangana na hakuna inayomkera mwenzake. Roshani za mbao zinapitisha upepo na aliye ndani anaona njia bila kuonekana. Na baraza ni pa kumkalisha mgeni kabla hajaingia ndani kwa watu, ni pa wazee kupigia soga, muuza kahawa akipita anajua wateja wako wapi. Kila unachokiona kizuri pale kina kazi yake, na nyingi ya kazi hizo bado tunazihitaji leo, jua halijapungua.

Sasa hii haraka. Haraka peke yake haiharibu mji. Mtaa wa Majengo nao ulijaa kwa kasi watu walipomiminika kutafuta kazi, na zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati na uwa nyuma zilisimamishwa na watu wasio na pesa kubwa, wengine hata ardhi si yao, nyumba yako ardhi ya mwengine, na mtindo huo upo mpaka leo. Hata hivyo mbele waliacha baraza. Mtu asiyemiliki ardhi aliona njia nayo ina haki yake.

Tunachokosa leo ni hicho mama. Mwenye ploti anajenga kutoka bikoni hadi bikoni, mpaka kwa mpaka, chini anaweka paking na geti, juu anataka vyumba vingi vya kukodisha, dirisha langu latazamana na dirisha lako unaweza kunipa chumvi kwa mkono, kusi ikivuma haina pa kupita. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma ambayo hufunguka nusu tu, juu yake hakuna hata kipande cha zege cha kuzuia jua, basi chumba kinawaka, mpangaji anatia kiyoyozi, na kiyoyozi nacho kinatoa joto lake kulekule nje mnakopita nyinyi. Kwa hivyo ubaya unaouona kwa macho, mpangaji anaulipia kila mwezi kwa tokeni za stima. Mwambie mumeo hilo, nadhani atalielewa haraka kuliko habari za sanaa.

Na si sisi peke yetu. Barcelona kule Uhispania ilibomoa kuta zake za zamani miaka ya 1850 kwa sababu watu walikuwa wamebanana ndani, injinia mmoja anaitwa Ildefons Cerdà akachora mji mpya uliopitishwa kwenye miaka ya 1859 na 1860, kila bloku ijengwe pande mbili tu na katikati iwe bustani. Wenye ardhi wakajenga pande zote nne, halafu wakajaza na katikati, wakaongeza gorofa. Tangu miaka ya 1980 mji umekuwa ukizirudisha baadhi ya hizo bustani kidogo kidogo na kwa gharama. Njia zake lakini zilibaki pana na kona za bloku zimekatwa ndio njia panda zipate uwazi, hizo hakuna aliyezivamia, na mpaka leo watu wanasafiri kwenda kuzitazama. Ploti ya mtu inaweza kuvunjwa na kujengwa upya mara nyingi, njia ikishabanwa ndio basi.

Kuhusu rangi, nyeupe inarudisha jua na kwa joto letu hilo ni jambo la maana, na nyumba nyeupe pwani si kitu kigeni. Lakini rangi iko juu ya ukuta na shida yako iko mbele ya ukuta, pale kwenye geti. Tena wenye nyumba za matumbawe nawaomba sana, msipige plasta ya simiti na rangi ya mafuta juu yake, unyevu unafungiwa ndani, plasta inavimba inadondoka. Pakeni chokaa, hiyo inauacha unyevu utoke.

Na kama mumeo bado anashikilia anasa mpeleke bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, jioni. Utaona familia za chumba kimoja kutoka mitaa yetu ya Bangladesh na Kisauni wameleta watoto, wanakula mihogo na viazi karai chini ya mibuyu wakitazama meli ikiingia Kilindini. Mwenye nyumba kubwa Nyali ana bustani yake, asiye nayo ndiye anayeuhitaji mji uwe mzuri.

SWALI: Tuna ploti ndogo ya familia na kontrakta anataka kutujengea gorofa 5. Pesa si nyingi, tufanyeje isiwe kama zile zingine? – Kijana wa Bombolulu

JIBU: Mdogo wangu, mengi hayaongezi pesa yakiamuliwa kwenye ramani kabla msingi haujachimbwa. Acheni hata mita 2 mbele, wekeni baraza la zege na mti mmoja wa mkungu ama mwarobaini. Chini tieni duka badala ya ukuta mtupu. Madirisha ya nyumba moja yaelekeane ndio pepo za kusi na kaskazi zote zipite, juu yake muweke kizuizi cha jua, na ngazi izungushieni bloku za matundu zipate hewa na mwanga wa bure. Na mchanga wa bahari kataeni kabisa, chumvi inakula nondo, nondo ikishika kutu inavimba na zege linapasuka.

SWALI: Jirani anataka kujenga gorofa refu, sisi wakazi tuna usemi? – Msomaji, Ganjoni

JIBU: Mnao. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka anayeomba kibali atangazie umma, na mwenye pingamizi analipeleka kwa waziri wa kaunti anayehusika. Msiandike tu kwamba ni baya, andikeni linaziba upepo wa nani, maji taka yatakwenda wapi, gari zitageukia wapi. Barua iwe ya mtaa mzima, na nakala yenu igongwe muhuri siku hiyohiyo mnayoipeleka.