Kifuniko cha mkoba wa kiunoni kwa mwendesha baiskeli

Ndugu yangu, umeuliza utashonaje kifuniko cha kuukinga mkoba wako wa kiunoni na mvua na matope ukiwa kwenye baiskeli. Tafuta mwavuli uliovunjika mbavu. Kitambaa chake ni chepesi na hakipitishi maji kirahisi.

Jaza mkoba kwanza ndipo upime. Ukipima mkoba mtupu, kifuniko kitaubana ukijaa. Ongeza sentimita 5 kila upande, kunja pindo la sentimita 2, kisha pitisha lastiki ndani yake. Upande unaogusa mgongo uache wazi. Lastiki itakaza hapo.

Pa kuangalia sana ni chini. Maji machafu hurushwa na gurudumu la nyuma, kwa hiyo mshono usiangukie huko, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kama haukwepeki, upake silikoni kwa ndani uiache ikauke usiku kucha.

Rangi iwe angavu, na tafadhali ongeza utepe unaoakisi mwanga: ukiinamia usukani, mkoba huo ndio dereva wa nyuma anaouona. Simu bado ifunge kwenye mfuko wa plastiki, kwani jasho la mgongo kifuniko hakilizuii.