Usitikise jengo la Bukavu kwa tetemeko la California

Programu nyingi za kukokotoa majengo huja na rekodi ya mtikisiko wa ardhi wa El Centro, California, ya 1940 tayari ndani yake, na uvivu hufanya mengine. Lile lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 6.9, kwenye ufa ambao pande zake hupishana ubavu kwa ubavu. Huku Kivu ardhi inavutwa ikiachana, upande mmoja unashuka. Tetemeko la 3 Februari 2008, lililobomoa nyumba Bukavu na ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, lilikuwa 5.9, la Kalehe la Oktoba 2002 lilikuwa 6.2. Basi tafuta rekodi za ukubwa wa 5.5 hadi 6.5, zilizopimwa ndani ya kilomita 30 hivi kutoka chanzo cha tetemeko, kwenye nyufa za kushuka. Italia inazo tele, zikiwemo za L'Aquila 2009, na kuzipakua ni bure.

Kabla ya kuchagua, jua jengo lako linachukua muda gani kuyumba kwenda na kurudi. Kwa fremu ya zege, pandisha kimo cha mita kwa kipeo cha 0.75, kisha zidisha kwa 0.075. Jengo la mita 9 linatoa sekunde 0.39. Eurocode 8 ya 2004, kanuni ya Ulaya ya majengo ya kuhimili matetemeko, inataka wastani wa spektra za rekodi zako (grafu zinazoonyesha rekodi inavyotikisa majengo ya miyumbo tofauti) usishuke chini ya asilimia 90 ya spektra nyumbufu ya kanuni hiyo, kuanzia mara 0.2 hadi mara 2 ya muda huo: hapa ni sekunde 0.08 hadi 0.78. Ukiwa na rekodi saba unaruhusiwa kutumia wastani wa majibu ya jengo. Zikiwa tatu tu, unabeba jibu baya kuliko yote. Chukua saba, kompyuta ndiyo inayochoka. Rekodi inayohitaji kuzidishwa zaidi ya mara tatu iache: utapata nguvu ya tetemeko kubwa yenye mdundo na urefu wa tetemeko dogo.

Makosa yanayoharibu kazi ni ya kijinga. Rekodi nyingi huandikwa kwa g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Programu ikisubiri m/s², zidisha kwa 9.81, la sivyo jengo halitatikisika na kila nguzo itaonekana salama. Soma hatua ya muda kwenye kichwa cha faili: ukiweka 0.01 badala ya 0.02, tetemeko la sekunde 30 litaisha kwa 15 na mitikisiko yote itakuwa ya haraka maradufu. Kisha chora mhamo wa ardhi, yaani umbali inaosogea. Mstari ukitoroka hadi mita kadhaa bila kurudi, rekodi haijasahihishwa: nyoosha mstari wa msingi na uchuje mawimbi yaliyo chini ya 0.1 Hz.

Udongo upimwe, usikisiwe. Goma, lava ngumu ya juu inaweza kufunika tabaka laini, kwa hiyo usiandike "mwamba" kwa sababu tu nyundo imelia.

Bukavu tatizo ni mlima. Mteremko chini ya nyuzi 15 hauhesabiwi. Parseli iliyo karibu na kilele cha mgongo mwembamba wenye mteremko unaozidi nyuzi 30 huzidishiwa mtikisiko kwa 1.4 au zaidi. Ukingo wa mteremko wa kawaida, kwa 1.2 au zaidi. Juu kukiwa na udongo legevu, ongeza angalau asilimia 20 nyingine. Zidisha rekodi yenyewe kabla ya kuendesha hesabu, si majibu baadaye: nguzo iliyokwisha kupasuka haiharibiki kwa uwiano ulionyooka.